Kituo kizima ndicho shujaa: kumfumbua Ed McBain

Mwaka 2001 ilitoka riwaya iitwayo Candyland, na kwenye jalada lake palikuwa na majina mawili ya waandishi: Evan Hunter na Ed McBain. Nusu ya kwanza, ya Hunter, inamfuata msanifu majengo aliye safarini New York, mtu aliyetawaliwa na uchu, anayetangatanga usiku kucha akitafuta mwanamke. Nusu ya pili ni ya McBain. Kumekucha, msichana ameuawa, na polisi wameanza kuuliza maswali. Asiyejua angedhani ni marafiki wawili waliogawana kazi. Kumbe ni mtu mmoja, mzee wa miaka 74, aliyekuwa ameandika kwa majina hayo mawili kwa karibu nusu karne. Wala hakuzaliwa na lolote kati ya hayo.

Watu wengi huanza kumsoma McBain kisha wakakwama hapo. Nani ni nani? Kwa nini kitabu kimoja kinawekwa kwenye rafu ya fasihi na kingine kwenye rafu ya makachero? Riwaya zake za Kituo cha 87, kituo cha polisi cha kubuni, zimepita 50, je, uanzie wapi, na kwa nini kachero aliyeonekana mwaka 1956 bado ni kijana mwaka 2005? Nimewahi kuulizwa maswali haya na wasomaji wenzangu mara nyingi, na najibu kwa hamu, kwa sababu naamini suala la majina na suala la makachero ni moja. Mtu aliyejigawa mwenyewe ndiye aliyepata wazo la kumgawa shujaa.

Tuanze na majina. Alizaliwa New York tarehe 15 Oktoba 1926, mtaa wa East Harlem, katika ukoo wenye asili ya Italia, akaitwa Salvatore Albert Lombino. Alipotimiza miaka 12 familia ikahamia Bronx. Alitaka kuwa mchoraji, na kweli alianza kusomea sanaa, lakini Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka jeshi la majini. Akiwa kwenye manowari katika Bahari ya Pasifiki ndipo aliposhika uandishi wa hadithi fupi. Aliporudi alisoma Hunter College, akahitimu mwaka 1950, akaajiriwa ualimu katika shule ya ufundi huko Bronx. Alidumu siku 17 akaacha. Baadaye akapata kazi katika ofisi ya wakala wa waandishi, Scott Meredith, na huko ndiko alikojifunza biashara ya vitabu kwa ndani. Kila siku alisoma miswada ya watu, akajua ipi itanunuliwa, ipi itarudishwa, na ni nani aliyekuwa akinunua.

Mwaka 1952 alibadili jina lake kisheria kuwa Evan Hunter. Alikuwa ameambiwa kwamba riwaya yenye jina hilo ingeuzika vizuri zaidi kuliko yenye jina la S. A. Lombino, na yeye mwenyewe aliamini kwamba wachapishaji wa enzi hizo hawakuwa na imani na majina yenye sauti ya kigeni. Wengi husema jina jipya alilichota kwenye shule zake mbili, Evander Childs na Hunter College, ingawa mwenyewe hakuwahi kulithibitisha hilo. Kuanzia hapo Evan Hunter halikuwa jina la kalamu tena. Lilikuwa jina lake la pasipoti, la benki na la nyumbani.

Halafu zile siku 17 za ualimu zikazaa matunda. Riwaya ya The Blackboard Jungle, kuhusu mwalimu mgeni mbele ya darasa la vijana wakorofi, ilitoka mwaka 1954, na mwaka uliofuata ikawa filamu iliyojadiliwa Marekani nzima, Sidney Poitier akiwa mmoja wa wanafunzi. Ghafla Evan Hunter akawa mwandishi wa kuheshimiwa. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu bado alikuwa na tumbo la kulisha na watoto watatu wa kiume, na hadithi za uhalifu zilikuwa zikimtoka kwa kasi ambayo jina moja halingeweza kuibeba. Tayari alikuwa akitumia majina mengine: Hunt Collins, ambalo ukilitazama vizuri utaiona Hunter College ndani yake, Richard Marsten, lililofumwa kutokana na majina ya wanawe Richard, Mark na Ted, na Curt Cannon. Miaka mingi baadaye yakaja Ezra Hannon na John Abbott. Hayo yote msomaji anaweza kuyasahau bila hasara kubwa. La kushika ni moja: alishauriwa kwamba vitabu vya uhalifu vingelichafua jina la Evan Hunter, kwa hiyo vikapewa mwenyewe wao, Ed McBain.

Jina hilo lilizaliwa kwa sababu ya mtu mwingine. Kampuni ya Pocket Books ilikuwa ikiuza kwa wingi vitabu vya Erle Stanley Gardner, aliyemuumba wakili Perry Mason. Lakini Gardner alikuwa anazeeka. Mwaka 1956 alikuwa na miaka 67. Mhariri Herbert Alexander alitaka mfululizo mpya wa kushika nafasi hiyo siku itakapofika. Hunter akaitwa, wakaelewana vitabu vitatu vya majaribio. Vyote vitatu vilitoka mwaka huohuo wa 1956: Cop Hater, The Mugger na The Pusher. Kwa lugha yetu ya mtaani tungesema anayewachukia polisi, kibaka, na muuza unga.

Hapa sasa tumefika kwenye kiini. Sisi tuliokua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni na Najum pembeni, tumezoea fumbo linalofumbuliwa na kichwa kimoja chenye akili kuliko vichwa vingine vyote. Wamarekani nao walikuwa na mazoea yao: mpelelezi wa kujitegemea, ofisi yake chakavu, chupa kwenye droo, mwanamke mrembo anayegonga mlango akilia. Hunter alijiuliza swali dogo lenye mantiki. Mtu akiuawa mjini, ni nani hasa anayekwenda? Haendi wakili wala bibi kizee mwenye udadisi. Wanakwenda polisi, na polisi haendi mmoja. Kuna anayepokea simu, anayekagua maiti, anayepima risasi maabara, anayegonga milango ya majirani, na mkubwa wao anayetaka ripoti mezani kabla ya zamu kwisha. Basi akaamua shujaa wake awe kikosi kizima. Mmoja aje mbele katika kitabu hiki, mwingine katika kile. Mmoja afe, mwingine aletwe. Aoe, aachwe, apande cheo, na kituo kiendelee.

Sitaki kudai kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika kuhusu kazi za polisi. Lawrence Treat alitangulia kwa riwaya ya mwaka 1945, na kipindi cha Dragnet kilikuwa kimeshawazoesha Wamarekani kusikia taratibu za upelelezi redioni. McBain alichoongeza ni kundi. Alilishikilia wazo hilo kwa ukaidi kiasi kwamba katika kitabu cha tatu, The Pusher, alipanga kumuua Steve Carella, kachero ambaye wasomaji walikuwa wameanza kumpenda. Kwake ilikuwa mantiki tu: polisi hufa kazini, na kikosi hubaki. Mhariri akakataa, akasema huwezi kumuua shujaa wako. Kwa hesabu za mwandishi Carella hakuwa shujaa, alikuwa mmoja wao. Hata hivyo alikubali, mwisho ukabadilishwa, na Carella akaishi miaka 49 zaidi kwenye karatasi.

Wachapishaji hawakuacha kutafuta kidume wa kuwekwa mbele. Carella ameoa na anampenda mkewe, wakaona haitoshi, wakataka kijana asiye na mke, mrefu, wa kuvutia wanawake. Mwaka 1957 katika Killer's Choice akaletwa Cotton Hawes, mwenye nywele nyekundu na shungi jeupe juu ya sikio. Tazama McBain alivyomkaribisha. Hawes ametoka kituo cha mtaa wa matajiri, ana adabu zake, na anapofika mlangoni kwa mshukiwa wa mauaji anapiga hodi na kujitambulisha kuwa ni polisi. Jibu linakuja kwa risasi, na Carella nusura afe. Kidume aliyeagizwa na ofisi anaingia kituoni kwa aibu, na anahitaji vitabu kadhaa kuyapata mazoea ya wenzake. Mwandishi alimpokea mgeni, ila hakumpa kiti cha mbele.

Wengine utawazoea mmoja mmoja. Meyer Meyer ana kipara, ana subira ya ajabu, na jina lake limejirudia kwa sababu ya mzaha wa baba yake. Alikuwa mtoto wa Kiyahudi katika mtaa wa watu wasio Wayahudi, akapigwa na kutaniwa hadi subira ikawa silaha yake pekee. Arthur Brown ni Mweusi mwenye umbo kubwa, anayejua namna mlango unavyofunguliwa kwake tofauti na unavyofunguliwa kwa mwenzake Mzungu. Yuko Luteni Peter Byrnes, na Eileen Burke anayetumwa mitaani kuwa chambo cha wabakaji. Baadaye anakuja Ollie Weeks, mnene, mbaguzi, mwenye mdomo mchafu, ambaye McBain hakumpamba hata kidogo.

Lakini ukitaka kuona wazo la kikosi linavyofanya kazi, nenda kwa Bert Kling. Alianza kama polisi wa doria, akapanda kuwa kachero katika The Mugger, akampata mchumba, Claire Townsend. Wasomaji waliufuatilia uchumba huo kitabu baada ya kitabu. Katika Lady, Lady, I Did It! ya mwaka 1961, simu inapigwa kituoni jioni ya Ijumaa: kuna watu wamepigwa risasi ndani ya duka la vitabu. Makachero wanakwenda kama kawaida, Kling akiwa nao. Waliopigwa ni wanne, vitabu vimetapakaa sakafuni. Kling anasogea kutazama kama anavyotakiwa na kazi yake, na mmoja wa waliolala pale ni Claire.

Mwandishi mwingine angemwachia Kling bastola akalipize kisasi. McBain anafanya jambo gumu zaidi. Maiti ni nne, na muuaji alimkusudia mmoja, yupi? Lazima wote wanne wachunguzwe. Kwa hiyo marafiki wa Kling wanalazimika kuyapekua maisha ya marehemu mchumba wake, kupita kwa watu aliowafahamu na kuuliza kama alikuwa na siri, kwa sauti ileile ya upole wanayowauliza wafiwa wengine. Majonzi hayasimamishi faili. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda. Sikuwahi kufikiri kwamba utaratibu wa kazi, ule wa fomu na maelezo na sahihi, unaweza kuwa na uchungu kiasi hicho.

Na fomu anazionyesha kweli. Ukifungua riwaya za mwanzo utakuta ukurasa mzima umechapwa ripoti ya daktari, au maombi ya leseni ya bastola, au karatasi ya alama za vidole, kama iliyotolewa kwenye jalada la kesi. Mbele ya kila riwaya aliweka tamko fupi kwamba jiji ni la kubuni na watu ni wa kubuni, ila taratibu za polisi zimejengwa juu ya mbinu halisi za upelelezi. Hakulichukulia tamko hilo kama pambo. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Miranda, kwamba mtuhumiwa aliye mikononi mwa polisi lazima aambiwe haki yake ya kunyamaza na kupata wakili kabla ya kuhojiwa, makachero wa Kituo cha 87 nao walianza kuisoma haki hiyo ukurasa kwa ukurasa, wakati mwingine kwa kunung'unika.

Hili linatuleta kwenye fumbo la umri. Carella wa mwaka 1956 yuko katika miaka yake ya thelathini, na alishapigana vita. Kitabu cha mwisho, Fiddlers, kilitoka mwaka 2005, na hesabu ya kawaida ingemfanya babu mstaafu. Badala yake anahangaika na kuvuka miaka 40, na mapacha wake, April na Mark, ndiyo kwanza wanaingia ujanani. Siyo uzembe. Alichofanya McBain ni kuwapunguzia watu mwendo na kuiacha dunia ikimbie: sheria, simu, bei, dawa za kulevya, chuki za rangi, vyote vinabadilika mwaka kwa mwaka, na wale wanaume na wanawake wa ghorofa moja wanavikabili karibu wakiwa na nyuso zilezile. Ukisoma mfululizo huu kwa mpangilio unapata nusu karne ya mji wa Kimarekani ikipita mbele ya dirisha la kituo.

Mji wenyewe ni New York iliyovishwa kanzu nyingine. Chukua ramani ya New York, izungushe robo mzunguko ili magharibi iwe kaskazini. Manhattan inakuwa Isola, neno ambalo kwa Kiitaliano ni kisiwa, na hapo yule Lombino aliyezikwa na hati ya mahakama anachungulia kidogo. Bronx ni Riverhead, Brooklyn ni Calm's Point, Queens ni Majesta, Staten Island ni Bethtown. Mito ni Harb na Dix. Faida yake ilikuwa ya kikazi: mji wa kubuni humpa mwandishi uhuru wa kuweka mtaa au kituo popote, bila kukimbizana na kila badiliko la polisi halisi wa New York. Lakini mvua, theluji na joto ni vya kweli. Cop Hater inatokea katika wimbi la joto kali, makachero wanauawa mmoja baada ya mwingine, na unasoma shati likikuganda mgongoni.

Mwaka 1963 unafaa kukumbukwa peke yake. Mwaka huo Alfred Hitchcock alitoa The Birds, na mwandishi wa mchezo wake wa filamu alikuwa Evan Hunter. Mwaka huohuo, Japani, Akira Kurosawa alitoa filamu ambayo kwa Kiingereza inaitwa High and Low, iliyotokana na King's Ransom ya Ed McBain ya mwaka 1959. Majina mawili, mabara mawili, mtu mmoja. King's Ransom ndiyo ninayomshauri mgeni aanze nayo. Tajiri wa kampuni ya viatu, Douglas King, amekusanya kila senti ili ainunue kampuni. Watekaji wanataka kumteka mwanawe, wanakosea, wanamchukua mtoto wa dereva wake, lakini pesa bado wanaitaka kwa King. Je, atajifilisi kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine? Kurosawa alimfanya tajiri wake alipe na kuporomoka. King wa McBain anagoma. Mke wake anamkimbia, polisi wanamtazama kwa macho ya dharau, naye anagoma. Mwaka 2025 Spike Lee alilirudia swali hilo katika Highest 2 Lowest, Denzel Washington akiwa tajiri. Mimi bado nauona ugomaji wa King kuwa wa kutisha kuliko yote, kwa sababu McBain anaturuhusu tumwelewe.

Kuhusu mfululizo wake wa pili nitasema machache. Matthew Hope ni wakili wa Florida, vitabu 13, vingi vikiwa na majina ya ngano za watoto, kuanzia Goldilocks hadi The Last Best Hope mwaka 1998. Ni kazi safi, ila ni shujaa mmoja tena, na ukitoka kituoni utaukumbuka ule uvumi wa sauti nyingi. Tena si haki kumsifu McBain bila kusema kwamba wanawake wa vitabu vyake vya mwanzo mara nyingi wanaelezwa kwa miili yao kwanza, na baadhi ya kurasa hizo leo zinasomeka kwa kukunja uso. Aliboreka kadiri alivyoandika. Eileen Burke wa miaka ya 1980, aliyeumizwa kazini na kulazimika kujijenga upya, ana uzito ambao hakuna mwanamke wa 1956 aliupata.

Isipokuwa mmoja. Teddy, mchumba na baadaye mke wa Carella, yupo tangu kitabu cha kwanza, na hasikii wala hasemi. Anasoma midomo na kuongea kwa mikono. Carella akifika mlangoni kwake hana maana ya kupiga hodi, kwa hiyo anakishika kitasa na kukizungusha kushoto na kulia, kushoto na kulia, hadi Teddy akione kikicheza na ajue ni yeye. Sijui picha nyingine ya mapenzi katika riwaya za uhalifu iliyo ndogo na kamili kama hiyo.

Mfano wake ulienea mbali. Sweden, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waliotafsiri vitabu vyake, waliandika riwaya 10 za kachero Martin Beck kati ya 1965 na 1975. Televisheni ya Marekani ilipoleta Hill Street Blues mwaka 1981, kituo chenye nyuso nyingi na kesi zinazopishana, McBain alilalamika wazi kwamba ameuona mji wake bila jina lake. Heshima zilikuja hata hivyo. Mwaka 1986 chama cha waandishi wa hadithi za mafumbo cha Marekani kilimpa cheo chake cha juu kabisa, na mwaka 1998 akawa Mmarekani wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Diamond Dagger ya Uingereza. Zote alipewa kwa ajili ya jina lile lililobuniwa ili lisichafue lingine.

Alifariki tarehe 6 Julai 2005, nyumbani Weston, Connecticut, kwa saratani ya zoloto. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wamemtoa kisanduku cha sauti, na mwaka huohuo wa kifo chake kikatoka kitabu cha maisha yake ya ugonjwa, Let's Talk, yaani tuzungumze, kwa jina la Evan Hunter. Mtu aliyekuwa ameandika mazungumzo ya polisi na wezi kwa nusu karne hakuwa tena na sauti. Baada ya kukisoma nilirudi kwenye Cop Hater, nikatafuta ule ukurasa wa kitasa.